Makaburi Yetu Yasirudi Porini

Siku ile tulikuwa tukimchimbia kaburi mama mmoja wa kijijini petu. Jua lilikuwa limekwisha kupinda, maiti amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, na vijana wanne walikuwa wakipokezana jembe. Shimo lilipofika kina cha kiuno, jembe likagonga kitu kisichokuwa jiwe wala mzizi. Kijana aliyekuwa akichimba aliinama, akaondoa udongo kwa vidole, kisha akatutazama bila kusema neno. Ulikuwa mfupa wa binadamu.

Imamu wetu aliamuru kazi isimame. Mfupa ulirudishwa mahali pake kwa upole, shimo likafukiwa, tukasogea hatua kadhaa na kuanza upya. Mama yetu tulimzika Magharibi ikikaribia, watu wamechoka na nyuso zimeinama. Tulipokuwa tukikung'uta mikono, mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mkwaju, ambaye miaka mingi alikuwa mwadhini wetu, alituita akasema: "Wajukuu zangu, mliyemgonga ni Keya. Alipigana Burma. Nilikuwapo alipozikwa."

Ndugu msomaji, neno lile lilituchoma zaidi ya jembe lilivyomchoma maiti. Sisi tuliopewa amana ya kutunza madaftari ya msikiti tunajua kila mfuko wa saruji ulionunuliwa na kila mkeka uliotolewa sadaka. Lakini hatukuwa na ukurasa hata mmoja unaosema nani amelala wapi katika makaburi ambayo kijiji kimeyatumia tangu kabla ya Mjerumani. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.) katika Sunan Abi Dawud, ametufunza kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Nasi tulikuwa tumeuvunja kwa sababu ya kutojua, na kutojua kwetu kulitokana na uzembe.

Makala haya tunayaandika ili tuwaeleze ndugu zetu wa misikiti mingine tulichojifunza tangu siku ile. Tunaamini kisa chetu si chetu peke yetu.

AMRI YA KUACHA PORI LIMEZE

Kijiji chetu kipo katika nyanda za Lindi, si mbali na barabara iendayo Masasi. Wazee wa upande huu huvitaja Vita vya Kwanza vya Dunia kwa jina la "vita vya Mjerumani", na wana haki ya kuvikumbuka. Mapigano ya Mahiwa na Nyangao, yaliyoanza Oktoba 15 na kumalizika Oktoba 18, 1917, yalikuwa miongoni mwa mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Upande wa Uingereza walikuwamo askari wa Nigeria, wengi wao Wahausa, Waislamu waliovushwa bahari kuja kupigana katika nchi wasiyoijua. Upande wa Ujerumani walikuwamo askari wa makabila ya bara letu, na miongoni mwao pia Waislamu hawakuwa wachache. Waafrika waliuana kwa amri ya mabwana wawili wa Ulaya.

Wengi zaidi waliokufa, hata hivyo, hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi. Magari yalishindwa njia zetu, na wanyama wa mizigo waliangamizwa na ndorobo, basi risasi, unga na majeruhi vikabebwa vichwani na mabegani mwa watu. Kwa upande wa Uingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakisiwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa homa, kuhara damu na njaa. Waliochukuliwa na Wajerumani hawakuandikwa ipasavyo. Jina la Kariakoo, ambalo leo hutajwa na kila mwenye kwenda sokoni Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya jina la kikosi kile cha wapagazi kilichopiga kambi mahali pale. Ni ukumbusho mkubwa kuliko sanamu yoyote, ila ni wachache wanunuao nguo pale wanaojua kwamba wanataja jina la wafu.

Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa tayari na tume maalumu ya kutunza makaburi ya askari wake, iliyoanzishwa mwaka 1917, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa kwamba waliokufa wote ni sawa, mkubwa na mdogo. Kwa askari wa Kizungu msingi huo ulitekelezwa kwa mawe na majina. Kwa Mwafrika haukutekelezwa. Katika miaka ya 1920 utawala wa kikoloni wa Tanganyika ulitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi. Ikaonekana inatosha kusimamisha sanamu za jumla, kama ile ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, isiyo na jina la mtu hata mmoja.

Hayo si maneno ya chuki wala uvumi. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Dola ya Uingereza katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Tulipoyasoma hayo tuliyatazama upya makaburi yetu. Upande wa kusini ulikuwa kichaka. Upande wa magharibi shamba la mikorosho lilikuwa likisogea mwaka hadi mwaka, na kila msimu wa kuandaa mashamba moto ulivuka mpaka na kuunguza vibao vichache vilivyosalia. Hakuna mkoloni aliyefanya hayo. Amri ya kuyaacha makaburi yarudi porini ilitolewa na watu waliokwisha kuondoka zamani, na sisi, wajukuu wa wale waliolala pale, ndio tuliokuwa tukiitekeleza.

JE, WANASTAHIKI KUENZIWA?

Jambo hili lilipoletwa katika kikao cha kamati, halikupita bila mjadala. Kijana mmoja aliuliza kwa adabu, lakini bila kumung'unya maneno: "Mashekhe zetu, watu hawa walimpigania nani? Askari wa Mjerumani ndio waliowaua babu zetu wakati wa Majimaji. Keya naye alimpigania Mfalme wa Uingereza. Leo tuwafyekee makaburi na kuwaita mashujaa?"

Swali lile lilikuwa la haki, na tuliona si vema kulizima. Ni kweli kwamba vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilizimwa kwa mikono ya askari Waafrika waliovaa sare ya Kijerumani, na kwamba njaa iliyofuata iliua watu wengi mno kusini hapa. Hatuwezi kuusafisha ukweli huo kwa fyekeo na reki.

Imamu alijibu kwa mambo matatu, nasi tunayanukuu kwa maana. La kwanza, haki ya maiti Mwislamu ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa, kuzikwa na kuhifadhiwa kaburi lake haitegemei vita alivyopigana. Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la Myahudi aliwauliza maswahaba kama ile haikuwa nafsi. Ikiwa huo ndio mwenendo kwa asiyekuwa Mwislamu, vipi kwa aliyeswali katika safu zetu? La pili, tumekatazwa kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. La tatu, hatutawaita mashahidi, kwani kufa shahidi katika njia ya Allah ni hukumu yenye masharti yake, na sisi si wenye kuigawa. Tutawaombea maghufira, na hesabu yao tutamwachia Mola wao.

Akaongeza jambo ambalo lilimnyamazisha hata aliyeuliza. Wengi wa watu hawa hawakuchagua. Mpagazi alikamatwa shambani mwake akafungwa kamba. Katika Vita vya Pili Tanganyika ilitoa zaidi ya watu 80,000. Wapo waliojiandikisha kwa hiari wakitafuta mshahara, na wapo waliotolewa na majumbe wao kujaza idadi iliyotakiwa. Walipelekwa Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, wakapigana kwenye matope na mvua isiyokatika. Waliorudi walirudi kimya. Walilima, walioa, waliswali, wakafa.

Hapo ndipo tulipolitambua jukumu letu. Tume ile ya makaburi huhudumia waliokufa wakati wa vita na muda mfupi baada yake. Kwa Vita vya Pili ukomo wake ni Desemba 31, 1947. Mzee wa Keya aliyerudi nyumbani na kufa miaka ishirini baadaye hamo katika orodha yake. Taifa letu huwakumbuka mashujaa kila Julai 25, na waliokufa katika vita vya Kagera wanayo makaburi yenye heshima pale Kaboya. Lakini kaburi lililo nyuma ya msikiti wa kijiji halina mlinzi ila wenye msikiti.

SHERIA INARUHUSU NINI?

Wapo waliotaka tujenge mnara, tuyapake makaburi chokaa na kuyawekea vigae. Nia yao ilikuwa njema, lakini njia haikuwa sahihi. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kulipaka kaburi chokaa, kulikalia na kulijengea. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakasisitiza zaidi kuhusu makaburi ya umma, kwa sababu jengo la mmoja huwanyima ardhi wengine.

Hata hivyo, kukatazwa kujenga si kuamrishwa kusahau. Alipofariki Uthman bin Madh'un (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu alete jiwe. Mtu yule alishindwa kulinyanyua. Mtume mwenyewe akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba, akaliweka kichwani mwa kaburi, akaeleza kwamba kwa jiwe lile atalitambua kaburi la ndugu yake na kuwazika jirani naye watakaokufa katika jamaa zake. Jiwe moja, lisilo na nakshi, lililobebwa kwa mikono yenye heshima kuliko mikono yote. Huo ndio mnara wetu.

Tukakumbuka pia kisa cha mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina, ambaye katika baadhi ya mapokezi ni mwanamke. Alipofariki, watu walimzika bila kumjulisha Mtume, wakiona kana kwamba ni jambo dogo. Alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Mpagazi wa 1917 naye alionekana jambo dogo. Sunna ni kuuliza: yuko wapi?

KAZI ILIVYOFANYIKA

Tulianza na mpaka. Hatukwenda kwa mwenye mikorosho na hasira. Tulikwenda na wazee wawili, baada ya Alasiri, tukaketi barazani pake. Alikiri kwamba mistari miwili ya mikorosho imeingia upande wa makaburi, nasi tulikiri kwamba hatukuwahi kumwonyesha alama yoyote. Tukakubaliana miti iliyokwisha kuzaa ibaki bila kuongezwa mingine, na mavuno ya mistari ile yasaidie gharama za maziko ya wasio na uwezo. Makubaliano yaliandikwa mbele ya serikali ya kijiji, na mpaka tukaupanda mkonge, ambao hauhitaji maji wala fundi.

Kisha tukafyeka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alfajiri, vijana walikuja na mapanga, mafyekeo na reki. Tulikubaliana kutochoma moto, kutong'oa miti mikubwa, na kutopita juu ya tuta lolote, kwani Mtume (s.a.w.) amesema kukalia kaa la moto ni heri kuliko kukalia kaburi. Kuzunguka makaburi mawanda ya kupita tuliyaonyesha kwa mawe madogo. Ukanda wa mita tano tuliusafisha nje ya mpaka ili moto wa mashamba usivuke.

Kazi ngumu ilikuwa majina. Yule mwadhini wetu wa zamani hakuweza tena kutembea mbali, na macho yake yalikuwa yamefifia. Kijana mwenye bodaboda alimleta taratibu hadi kwenye mkwaju. Kutoka pale mzee aliongoza kwa kumbukumbu: "Hesabuni hatua kumi na mbili mkielekea kibla. Hapo ni fulani. Kushoto kwake mkewe." Watoto wa madrasa walishika kamba, mmoja akapima hatua, sisi tukaandika. Kati ya matuta arobaini na moja ya zamani alituonyesha kumi na tisa.

Miongoni mwao walikuwamo wazee wawili wa vita vya Mjerumani, waliolala bega kwa bega. Mmoja alikuwa askari wa Mjerumani, mwenziwe wa Mwingereza. Mzee alicheka kidogo alipotueleza: "Walikuwa wakikaa safu moja Ijumaa. Watoto tukiwauliza nani alishinda, walitufukuza." Mwishoni kabisa, karibu na kichaka, alionyesha matuta matatu yasiyo na mawe. "Hawa ni wapagazi. Msafara uliwaacha wakiwa hawajiwezi. Majina yao sikuambiwa. Marehemu baba alisema waliomba maji kwa kutaja jina la Allah, akawaosha kwa mikono yake, wakaswaliwa."

Tuliandika hivyo hivyo: wapagazi watatu, wageni, waliswaliwa. Tukaweka jiwe kichwani mwa kila mmoja.

Kuhusu kuandika majina juu ya makaburi, wanazuoni wana kauli mbalimbali, na katika kamati pia tulikuwa na kauli mbalimbali. Tukachagua njia isiyomkwaza mtu: mawe yabaki wazi, na majina yakae katika daftari lenye ramani iliyopimwa kutoka kwenye mkwaju. Nakala moja ipo msikitini, nyingine ofisi ya kijiji, ya tatu kwa mwalimu wa madrasa.

Mama zetu nao walileta walichohifadhi. Bibi mmoja alitoa kopo la majani ya chai, ndani yake mna nishani yenye umbo la nyota na karatasi iliyochakaa ya mumewe kuachishwa jeshi. Kwa karatasi ile tulipata jina kamili la yule Keya ambaye jembe letu lilimgonga. Tulimwomba bibi radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa mnamjua. Msimgonge tena."

Mwadhini wetu alifariki wiki chache kabla ya Ramadhani. Matuta ishirini na mawili yaliyobaki hatukuyajua, na mtu wa kuuliza hatunaye tena. Tungeanza miaka kumi mapema, pengine tungeyajua yote. Hilo ndilo jambo tunalojuta, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

WITO KWA FAMILIA

Ndugu wasomaji, hatuwaombi michango. Tunawaomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba.

Kwanza, mwulizeni mzee mliye naye, leo na si kesho: babu na bibi wamezikwa wapi, na nani amelala jirani nao? Andikeni majibu. Ikiwa mzee wenu alikuwa Keya, au alipigana Kagera, hifadhini karatasi na nishani zake mahali pakavu, na waelezeni watoto ni vitu gani. Wapo waliouza nishani kwa bei ya sukari.

Pili, kamati za misikiti zianzishe daftari la makaburi. Halihitaji mtaalamu. Mti mkubwa mmoja, kamba, na mtu mwenye hati inayosomeka vinatosha.

Tatu, tuzuru makaburi kama tulivyoruhusiwa, kwa kuwa ziara hukumbusha Akhera. Tuwatolee salamu na kuwaombea dua, bila kilio cha kupindukia wala karamu. Mtume (s.a.w.) aliwaombea waliouawa Uhud miaka minane baada ya vita vile. Wafu hawana muda wa kupitwa na dua.

Nne, tuwachukue watoto siku ya kufyeka. Wanangu wa madrasa walioshika kamba siku ile leo wanaweza kukuongoza hadi kwa wapagazi watatu, na wanapopita huteremsha sauti bila kuambiwa.

Allah (s.w.t.) awasamehe waliotutangulia kwa imani, wenye majina na wasio na majina mbele ya watu, awape makazi mema, na atusamehe sisi tuliowakanyaga kwa kutojua. Na atujaalie, zamu yetu itakapofika, tuwaachie nyuma yetu watu watakaouliza tuko wapi. Amin.